HAMIRA NA WAGENI WAKE

Kila alfajiri kabla sijashika njia ya shule, humsaidia mama kukaanga mandazi anayouza hapa Mwala. Karo yangu hutoka humo. Siku moja nilimwuliza mwalimu wa Biolojia kama hamira ina jeni. Wenzangu wakaangua kicheko: "Mtoto wa mandazi huyo!" Niliona haya, lakini jibu nililipata.

Kumbe hamira si unga tu kama chumvi. Ni viumbe hai wadogo sana, jamii moja na wale wanaochachusha pombe ya asali ambayo wazee wa Ukambani huitia tunda la muatine. Seli ya hamira ina seti ya kromosomu 16 na jeni zipatazo 6000. Orodha hiyo ilikamilika mwaka wa 1996. Humo mna pia vipande vya DNA vinavyohama, viitwavyo Ty. Pamoja na mabaki yake, Ty huchukua kama asilimia 3 ya DNA yote.

Je, kipande huhamaje? Chenyewe hakitoki kilipo. Hunakiliwa kuwa RNA, kisha RNA hiyo hunakiliwa tena kuwa DNA, na nakala mpya hujipachika kwingine. Virusi vya ukimwi pia hutumia ujanja huu, ila Ty haitoki kwenda kuambukiza watu.

Mgeni huyu ni hatari. Akiingia katikati ya jeni, huiharibu. Lakini mara nyingi Ty hutua karibu na jeni fulani za kusaidia kutengeneza protini, mahali ambapo madhara ni machache. Tena anaweza kuiamsha jeni jirani iliyolala, au kusababisha kromosomu kupangika upya. Chakula kikiadimika, mabadiliko kama hayo yameonekana kuzifaa seli nyingine. Si ndiyo wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?

Jeni za kuhama ziligunduliwa kwanza katika mahindi yenye punje za madoadoa, miaka ya 1940. Aliyezigundua ni Barbara McClintock wa Marekani. Wengi hawakumwelewa, naye hakuacha kazi yake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1983, akiwa na miaka 81!

Basi wenzangu, nichekeni tu. Mimi kesho nitauliza swali jingine.