"Dokta, Amekwambia Nini?"

Mlango haujafungwa vizuri, binti hajafika hata kwenye benchi la nje, na mama ameshaniinamia: "Dokta, amekwambia nini?" Wiki iliyopita niliulizwa hivyo mara nne, Korogwe na Handeni kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mtoto yuko salama, kama usiku atapata usingizi, kama aachwe peke yake au la. Wote wanataka maneno. Nikisema maneno ni ya mwenyewe, jibu ni lile lile: "Mtoto hana siri kwa mzazi wake."

Wanaosema hivyo huegemea sheria kwanza. Ni kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwa kawaida mzazi au mlezi ndiye anayeridhia matibabu yake. Lakini kuridhia mtoto atibiwe hakukupi umiliki wa kila neno atakalolisema akitibiwa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, kwa kuwa sharti la kuja na mzazi lilikuwa linawaweka vijana mbali na kipimo. Magonjwa ya akili ninayoyatibu nayo yana aibu zake, tena pengine kubwa zaidi.

Sheria ikiwagomea, wanakimbilia mila. Hapo ndipo subira yangu inapoisha, maana mila wanayoitaja haikuwahi kusema hivyo. Binti wa huku kwetu, Mzigua au Mbondei, yaliyomsibu hakumpelekea mama yake. Alimpelekea bibi, shangazi, au kungwi. Na kungwi hakutoka pale kwenda kumsomea mama maneno ya mwali neno kwa neno. Alimwambia mama kinachotakiwa kufanywa, mengine akabaki nayo. Babu na bibi walitaniana na wajukuu kwa sababu hiyo hiyo: kijana apate mtu mzima wa kumsikiliza ambaye hakushika fimbo. Mimi chumbani mwangu nafanya kazi ya kungwi, nimeongeza leseni na faili tu.

Tena najua maneno hayo huenda wapi yakivuja. Binti wa kidato cha pili ananiambia anasikia sauti ikimtukana. Nyumbani wakilipata neno hilo, wiki hiyo hiyo yuko kwa mganga, ramli inapigwa, ukoo umemzunguka, anabanwa amtaje aliyemroga. Wengine husimamishwa mbele ya waumini wakiri. Mtoto anayelazimishwa kukiri hukiri. Atamtaja jirani, atamtaja bibi yake mwenyewe, ilimradi aachiliwe. Haponi. Anachojifunza ni kwamba kusema kunaumiza, na kituoni harudi.

Miaka ya nyuma, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, mwenzetu alimsomea baba faili la mwanawe wa miaka 16 pale koridoni. Kijana alikuwa ametuambia anavuta bangi ili apate usingizi. Alichapwa kabla hawajafika getini. Alirudishwa kwetu baada ya miezi minane, hali imeharibika, na hakuna swali letu hata moja alilolijibu. Sijaacha kulifikiria faili lile.

Kuna na woga wenye jina hapa kwetu: Lutindi. "Ukiendelea hivyo utapelekwa Lutindi," anaambiwa mtoto, na mtoto ananyamaza mwezi mzima. Hospitali ile ya milimani, humu humu Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kwa zaidi ya karne moja watu wametibiwa pale. Ukiigeuza kuwa kitisho, unamfundisha mwanao kuficha ugonjwa.

Siri hii ina mipaka, na mtoto naye huambiwa mipaka hiyo kabla hajaanza kueleza. Akitaka kujiua, akitaka kumdhuru mtu, au kukiwa na mtu anayemdhuru yeye, sitanyamaza. Namwambia yeye kwanza, tunakubaliana nani aambiwe na kwa maneno gani, na mara nyingi huchagua kumwambia mama mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Lakini anayemdhuru akiwa baba wa kambo, au mjomba anayelipa ada, huyo simwiti. Namwita afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mnaodai mzazi ajue kila kitu, mfikirieni binti huyo.

Na jambo moja mnalonificha ninyi wazazi. Kanuni yetu ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, wakati nchini Kenya Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Kwa hiyo mtoto analetwa na tunaambiwa "alikosea dawa." Niambieni ukweli. Nikidanganywa namtibu tumbo na kumrudisha kwenye hatari ile ile.

Haya, ya kufanya. Mlete, kaa nje nusu saa bila kugonga. Akitoka usimhoji kwenye bodaboda. Niulize mimi: yuko salama, alale na nani, dawa anywe saa ngapi, dalili gani nikiiona nimrudishe, yote hayo nitakujibu. Dawa za kumeza na za shambani zifungie leo, ufunguo ukae nao wewe. Simu yake usiipekue kwa siri. Hataki kusema nawe, mtafutie shangazi anayemwamini. Ukifika hospitali ya Magunga au ya Handeni, ulizia afisa ustawi wa jamii. Anayeogopa kuonekana benchini apige 116, Simu ya Mtoto, ni bure. Na ukitaka sana kujua alichoniambia, muulize yeye, jioni, mkiwa mnachambua mchicha, kisha kaa kimya mpaka aanze mwenyewe.