Seli za kutoa insulini zipo, ila haziuzwi kwenye kopo

MAMA mmoja muuza vitenge hapa Kobero alinijia na kopo la unga alilonunua ng'ambo, upande wa Kabanga. "Mwalimu, wewe umesoma Tanzania, hebu nisomee hii." Kwa Kiingereza kizito, kopo lilidai kuwa ni "seli shina" za kufufua kongosho na kumaliza kisukari kwa mwezi mmoja. Mwanawe ana miaka 14 na huchomwa insulini kila siku. Aliyemuuzia alimwambia aachishe sindano ili unga ufanye kazi.

Mtoto alikuwa amekwisha kosa sindano mbili.

Mimi nilizaliwa ukimbizini na kusoma Ulyankulu, Tabora, na biolojia ya huko ilinitosha kumweleza. Kisukari cha mwanawe ni cha aina ya kwanza: kinga ya mwili imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hata kama unga ule ungekuwa na seli hai, tumbo lingezisaga kama nyama ya mchuzi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, habari ya seli si uzushi mtupu, na hapo ndipo matapeli hupatia mlango. Mwaka 2000, Dk. James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walitangaza wagonjwa 7 walioacha insulini baada ya kupandikizwa seli za kongosho za marehemu. Tatizo ni kwamba mgonjwa mmoja aliweza kuhitaji kongosho mbili au zaidi, na wanaotoa viungo ni wachache. Watafiti wakageukia seli shina, ambazo hukuzwa maabara mpaka zikawa seli za kutoa insulini. Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya watu 12 waliopewa dozi kamili: baada ya mwaka, 10 hawakuhitaji insulini tena.

Lakini seli hizo huingizwa hospitalini, kwenye mshipa mkubwa wa ini, na mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga ya mwili ili zisishambuliwe. Dawa hizo zina gharama yake: mshiriki mmoja wa utafiti huo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Ndiyo maana walichaguliwa watu ambao sukari yao hushuka ghafla kwa hatari, bila wao kuhisi dalili.

Kwa mtoto wa aina hii, siku chache bila insulini zinatosha. Damu hujaa sukari na asidi, hutapika, hupumua kwa kasi, kisha hupoteza fahamu. Tulipanda pikipiki mpaka kituo cha afya. Sukari ilikuwa juu, lakini tuliwahi. Mama hana friji, muuguzi akamwonyesha namna ya kutunza chupa ya insulini, ikiwa imefungwa vizuri, ndani ya chungu kinachopozwa kwa maji.

Jumanne alivuka mpaka kurudisha kopo. Meza ya yule muuzaji ilikuwa na mtu mwingine, anauza betri.