Nafasi ya Rabi katika Jumuiya ya Kiyahudi: Mfano wa Abayudaya wa Uganda

Rabi wa jumuiya ya Kiyahudi ni mwalimu na mfasiri wa sheria, wala si kuhani. Sala ya pamoja huhitaji waumini kumi waliokwisha kubalehe, na yeyote kati yao mwenye ujuzi aweza kuiongoza. Kazi za rabi za kila siku ni kufundisha Torati, kuamua masuala ya vyakula na Sabato, kufungisha ndoa, kutembelea wagonjwa na kufariji wafiwa.

Abayudaya wa Mbale, mashariki mwa Uganda, wanadhihirisha tofauti hiyo. Jumuiya yao, iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ilidumisha sala kwa miongo mingi bila rabi, hata Idi Amin alipopiga marufuku ibada zao. Hata hivyo, mwaka 2002 mamia yao walipoongoka rasmi, ilibidi marabi watoke ng'ambo kuwathibitisha. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jumuiya hiyo, alitawazwa kuwa rabi baada ya masomo huko Los Angeles. Hivyo basi, kilichokosekana kabla yake hakikuwa ibada, bali mwenye mamlaka ya kuamua.