Makala Ndefu Haijakamilika Mpaka Ijadiliwe

Machi 11, 2011, wataalamu wa matetemeko ya ardhi kutoka nchi mbalimbali walikuwa mkutanoni katika mji wa Kashiwa, Japani, jengo lilipoanza kutikisika. Watu ukumbini wakacheka. Si kila siku tetemeko linawakuta wanaolizungumzia, na isitoshe Japani ni nchi iliyozoea mitikisiko. Mmoja wao, Chris Goldfinger wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon nchini Marekani, akatazama saa yake ya mkononi. Alijua kwamba tetemeko linalodumu ndilo kubwa. Dakika ikapita, ikafuata nyingine, na lile halikukoma.

Kwa tukio hilo Kathryn Schulz alifungua makala yake "The Really Big One", iliyotoka katika jarida la The New Yorker Julai 2015 na kumpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ni makala ya kukaa nayo, si ya kupitisha macho. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nilipoimaliza nilitafuta mtu wa kuzungumza naye. Hamu hiyo ya kumtafuta mwenzako baada ya aya ya mwisho ndiyo ninayotaka kuitetea hapa.

Siri ya msitu uliokufa

Makala ilianzia Japani, lakini hofu ya Schulz ilikuwa juu ya nchi yake mwenyewe, Marekani. Baharini, kando ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kuna mpasuko uitwao Cascadia, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,100, kutoka kaskazini mwa California hadi Kisiwa cha Vancouver, Kanada. Huko bamba moja la ardhi linajipenyeza chini ya jingine, nayo yamekwamana. Siku yatakapoachiana, litatokea tetemeko kubwa na nyuma yake tsunami. Wakazi wengi wa pwani hiyo hawakuwa na habari, kwa sababu tangu walowezi wafike halijawahi kutokea.

Ushahidi ulipatikana kwenye miti. Kando ya Mto Copalis, jimbo la Washington, kuna msitu wa mierezi iliyokufa ikiwa imesimama, maji ya chumvi yakiwa yameizunguka miguuni. Wanasayansi Brian Atwater na David Yamaguchi waliichunguza, wakasoma pete za ukuaji ndani ya mbao, na ikabainika kwamba miti hiyo ilikufa kwa pamoja kati ya mwaka 1699 na 1700. Ng'ambo ya Pasifiki, Wajapani walikuwa na kumbukumbu ya wimbi kubwa la Januari 1700 ambalo halikutanguliwa na tetemeko lolote lililosikika kwao. Karne tatu wimbi hilo lilikaa bila kujulikana lilikotoka. Kumbukumbu za Japani na miti ya Copalis zilipokutanishwa, jibu likapatikana: Januari 26, 1700, majira ya saa tatu usiku, Cascadia ilipasuka.

Goldfinger naye alichimbua mashapo ya sakafu ya bahari, akahesabu matetemeko makubwa 41 ndani ya miaka 10,000. Wastani ni moja kila miaka 243 hivi. Kutoka 1700 hadi Schulz alipoandika, ilikuwa imepita miaka 315.

Habari kama hii mtu hawezi kuisoma akanyamaza. Makala ilienea mitandaoni kwa kasi. Watu wa Seattle na Portland waliwatumia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, wakaulizana maswali ambayo makala yenyewe haikuyajibu. Nyumba yangu ya mbao itastahimili? Watoto watakuwa shuleni, nitawafikiaje? Maswali yakawa mengi hata Schulz, kabla Julai haijaisha, akaandika makala ya pili, hii ya ushauri: funga tangi la maji ya moto ukutani, kaza nyumba kwenye msingi wake, na kama unakaa ukanda wa tsunami, ijue njia ya kupandia mlimani kwa miguu. Makala hiyo ya pili ilizaliwa na maswali ya wasomaji wa ile ya kwanza.

Mji mmojawapo anaoutaja Schulz ni Seaside, Oregon, ambako shule kadhaa zilijengwa mahali ambapo tsunami ingezifunika. Aliyekuwa mkuu wa elimu wa wilaya hiyo, Doug Dougherty, alihangaika miaka mingi kutaka zihamishiwe mlimani. Mwaka 2013 wapiga kura waliukataa mkopo wa dola milioni 128 wa kuzijenga upya. Novemba 2016, katika kura nyingine, waliukubali mkopo unaokaribia dola milioni 100. Makala moja haijengi shule. Kulikuwa na kampeni, wazazi, walimu na mpango wa gharama nafuu zaidi. Lakini wapiga kura wa 2016 walikuwa watu waliokwisha kulizungumza jambo hilo mezani kwao kwa mwaka mzima na ushei, na mtu aliyelijadili jambo hapigi kura sawa na yule aliyelisikia kwa mbali.

Kutoka Oregon hadi Watamu

Makala hiyo niliipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye marafiki wa tangu masomoni. Sikutuma linki tupu. Niliandika mistari michache kueleza kilichonishika, nikaomba tuijadili Jumamosi usiku.

Nilidhani mazungumzo yangebaki Marekani. Hayakubaki. Mwenzetu mmoja mwenye asili ya Watamu, pwani ya Kenya, aliuliza tu: "Jamani, mwaka 2004 mlikuwa wapi?" Kundi likabadilika. Desemba 26 mwaka huo tetemeko lililotokea karibu na Sumatra, Indonesia, liliamsha tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi nzima. Iliua zaidi ya watu 220,000, wengi wao wa Asia, lakini ilifika kwetu pia. Somalia walikufa karibu watu 300. Tanzania kulikuwa na vifo, na Kenya alikufa mtu mmoja. Mawimbi yalichukua saa nyingi kufika, na nchini Kenya muda huo ulitumika kuwaondoa watu ufukweni.

Mwenzetu akatuma ujumbe wa sauti mrefu, akasimulia wazee wa kwao wanavyoikumbuka siku hiyo, maji yalivyorudi nyuma na vijana wakakimbilia kuokota samaki. Mwalimu wa jiografia aliye kundini akaeleza kwa nini bahari huvuta pumzi namna hiyo kabla ya kupiga. Mwingine akauliza, "Dada, wanafunzi wako wa pwani wanafundishwa hilo?" Jibu lilikuwa kwamba wanafundishwa neno tsunami, lakini hawaambiwi wakimbilie wapi. Hapo nikaiona makala ya Schulz kwa jicho jipya. Nilikuwa nimeisoma kama kisa cha sayansi. Wenzangu waliisoma kama swali kwa halmashauri zetu.

Desturi yenye mizizi

Asidhani mtu kwamba mazoea haya ya kujadili makala yaliletwa na simu. Agosti 31, 1946, The New Yorker ilitoa toleo zima kwa ajili ya makala moja tu, "Hiroshima" ya John Hersey, yenye maneno yapatayo 30,000 kuhusu watu sita walionusurika bomu la atomiki. Wahariri Harold Ross na William Shawn walikuwa na mpango wa kuigawa vipande vinne, kisha wakaamua isikatwe. Toleo likaisha madukani. Redio ya ABC ikaisoma yote hewani kwa jioni nne, na BBC nayo ikaisoma kwa Waingereza. Watu waliokuwa wakizungumzia bomu kama ushindi walianza kumzungumzia mshonaji mjane na wanawe watatu.

Kwetu pia gazeti halikuwa mali ya msomaji mmoja. Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, nakala yake ilipita mikono mingi, na anayejua kusoma aliwasomea wasiojua. Waliosikiliza walibisha, wakaongeza, wakaandika barua. Tuliyarithi mazoea hayo. Kilichopungua ni uvumilivu wa kusoma mpaka mwisho kabla ya kubisha.

Udhaifu wa makundi yetu ya leo upo hapo. Linki zinatumwa kumi kwa siku, watu wanatoa hukumu kwa kusoma kichwa cha habari, na anayeuliza "umesoma yote?" anaonekana mchokozi. Mjadala wa namna hiyo hauongezi kitu kwa yeyote.

Dawa yake ni utaratibu mwepesi. Kundi lichague makala moja kwa wiki au kwa mwezi. Anayeileta awe ameimaliza, na aseme kwa maneno yake ni nini kilichomgusa. Kama makala ni ya Kiingereza na baadhi wanaona ni mzigo, mmoja aisimulie kwa Kiswahili kwa ujumbe wa sauti. Asiyemaliza asiaibishwe, aulize, maana kuuliza si ujinga. Na pale jarida linapolipiwa, anayeweza alipe badala ya kusambaza picha za kurasa. Kazi kama ya Schulz inataka miezi ya kusafiri, kuhoji na kuhakiki, na haiwezi kuendelea ikiwa kila msomaji anaichukua bure.

Wanaotaka kuanzia karibu na nyumbani wamtafute Billy Kahora na kisa chake cha kweli cha David Munyakei, kilichochapishwa na jarida la Kwani? la Nairobi. Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali ililipa fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo. Alipoteza kazi, akahamia Mombasa, na alifariki mwaka 2006. Someni, kisha mwulizane: kama ungekuwa wewe kwenye dawati lile, ungezitoa nyaraka? Sijui kundi la marafiki litakalomaliza swali hilo kwa usiku mmoja.

Wahariri wa magazeti yetu ya Kiswahili nao wana deni. Tunaambiwa kila siku kwamba wasomaji hawataki habari ndefu, ilhali wasomaji haohao wanasikiliza ujumbe wa sauti wa dakika kumi na kusoma simulizi za mitandaoni zenye sehemu hamsini. Wapeni waandishi muda na nauli, nao watawaletea kazi ya kujadiliwa mwaka mzima.

Nawe msomaji, kabla wikiendi hii haijaisha, chagua makala moja ndefu. Isome mpaka nukta ya mwisho, mtumie rafiki mmoja unayemheshimu, na umpigie simu kesho yake kumuuliza ameonaje.