Bendi za Morogoro: sifa redioni, riziki barabarani

Bendi za dansi za Mkoa wa Morogoro zilipata jina kwa redio, lakini ziliishi kwa kiingilio. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata mwaka 1948. Makao yao yalikuwa mjini Morogoro, ila mji mmoja hauwezi kulisha bendi mwaka mzima. Lazima wanamuziki wasafiri.

Wilaya ya Kilosa, mkoani humo, inaonyesha soko la bendi zinazosafiri lilivyokuwa. Reli ya Kati inapita Kilosa mjini, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalikusanya vibarua wengi waliolipwa fedha taslimu. Mikumi iko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Bendi inayokwenda kupiga dansi sehemu kama hizo hulenga mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa bado mfukoni. Pesa za mlangoni hulipa kwanza mafuta ya gari, ukumbi, chakula na malazi. Kinachobaki hugawanywa, na mwenye vyombo huchukua fungu lake kabla ya mpiga gitaa. Hapo ndipo penye ukakasi wa biashara hii: asiyemiliki gitaa na vipaza sauti huwa mwajiriwa tu, hata kama watu wanamfuata yeye.

Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji aliyefuatwa hivyo na watu, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka, na mwaka 1973 yeye akaunda bendi yake, Super Volcano.

Kilichobeba sauti yake nchi nzima ni Radio Tanzania Dar es Salaam, kituo kilichotawala mawimbi hadi miaka ya 1990. Kituo kilirekodi bendi, kikahifadhi kanda na kupiga nyimbo mara kwa mara bila mirabaha kumfikia mtunzi. Faida ya redio ilikuwa moja: wimbo uliozoeleka ulijaza ukumbi. Santuri nazo zilitengenezwa Nairobi, na kampuni za huko ndizo zilizoziuza.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Nyimbo zake ziliendelea kuuzwa Kenya katika mfululizo wa santuri za Ukumbusho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki za watunzi, ilitungwa Tanzania mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake.