Spirulina: Gharama imejificha ndani ya maji

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaofikiria kutia fedha katika uzalishaji wa spirulina, ule unga wa kijani unaouzwa katika maduka ya dawa na ya vyakula vya lishe, watafanya vizuri kupiga hesabu ya maji kabla ya kupiga hesabu ya mauzo.

Spirulina haihitaji udongo. Huoteshwa ndani ya maji yaliyochanganywa chumvi kadhaa kwa vipimo maalumu, na chumvi hizo zinaweza kuumeza mtaji mzima kabla kilo ya kwanza haijafika sokoni.

Bidhaa yenyewe ni mwani mdogo mno, wenye umbo la springi, ambao hauonekani vizuri bila hadubini. Usichanganywe na mwani wa Zanzibar unaofungwa kwenye kamba na vigingi baharini. Wanasayansi siku hizi wanauweka katika kundi la bakteria wa kijani-buluu na kuuita Arthrospira, lakini sokoni jina la zamani limebaki. Kinachoupa thamani ni protini, ambayo ni kati ya asilimia 55 na 70 ya uzito wake mkavu. Aidha, rangi ya buluu inayotolewa humo ilipata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2013 kutumika katika peremende, na hivyo kufungua soko jingine nje ya lile la vidonge na unga.

Biashara hii ilianza kwa kero. Kampuni ya Sosa Texcoco, iliyokuwa ikitengeneza magadi nje kidogo ya Jiji la Mexico, ilikuta mabwawa yake yakijaa utando wa kijani. Iliomba msaada kwa taasisi ya utafiti wa petroli ya Ufaransa, na kutokana na kazi hiyo mtafiti aliyeitwa Zarrouk aliandika tasnifu yake mjini Paris mwaka 1966 akieleza mahitaji ya mwani huo. Badala ya kuuteketeza, kampuni ikaanza kuuvuna na kuuuza katika miaka ya 1970. Kampuni hiyo ilifungwa katika miaka ya 1990, lakini maji ya virutubisho yanayoitwa kwa jina la Zarrouk yanatumika katika maabara mpaka leo.

Katika lita moja ya maji hayo huwekwa gramu 16.8 za sodiamu baikaboneti, ile ya waoka mikate, na gramu 2.5 za sodiamu naitreti. Huongezwa gramu 1 ya chumvi ya kawaida, gramu 1 ya potasiamu salfeti, nusu gramu ya potasiamu fosfeti, gramu 0.2 za magneziamu salfeti, na vipimo vidogo sana vya kalisi, chuma na madini mengine. Jumla ni gramu 22 hivi za chumvi kwa lita.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua kwamba hayo ni karibu sawa na maji ya magadi. Ndiyo maana mwani wa aina hii huota wenyewe katika maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya, ambako ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo. Nchini Chad, akina mama wa Kanem wamekuwa wakiukusanya tangu zamani na kuukausha kuwa vipande viitwavyo dihé. Ukali wa maji hayo una faida kibiashara, kwa kuwa viumbe wengi ambao wangeshindania chakula na mwani huo hawawezi kuyastahimili.

Katika maabara kazi huanza na chupa ya kioo. Maji safi huchemshwa na kupozwa, chumvi huyeyushwa moja baada ya nyingine, na chuma huwekwa mwishoni pamoja na kemikali inayokizuia kisigande na kuzama chini. Kisha mbegu hutiwa, yaani kiasi kidogo cha maji yenye mwani hai. Chupa huwekwa chini ya taa za mirija katika joto la nyuzi 30 hadi 35, na hewa hupulizwa polepole ili mwani usitulie. Pampu kali huvunja zile springi. Jua kali likipiga maji ambayo bado ni mepesi, mwani hubadilika rangi na kufa. Kutoka chupa ndogo mbegu huhamishiwa chupa kubwa, kisha ndoo, kisha tangi, kila mara ikiongezwa maji mara chache tu ya kiasi kilichokuwapo. Anayeruka hatua hupoteza mbegu yote, na hapo ndipo wengi hurudi dukani kununua mara ya pili.

Sasa hesabu yenyewe. Tangi la lita 1,000 linahitaji kilo 16.8 za baikaboneti na kilo 2.5 za naitreti kabla ya kutia mbegu. Maji hayo yakifikia gramu moja ya mwani mkavu kwa lita, tangi zima lina kilo moja tu ya bidhaa. Mwekezaji achukue bei ya baikaboneti katika duka la mtaani kwake, azidishe kwa 16.8, kisha ailinganishe na bei ya kilo moja ya unga wa spirulina. Iwapo atamwaga maji kila anapovuna, biashara imeshakufa, na hajaongeza naitreti, umeme wala mshahara wa kibarua.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya chumvi hizo haijatumika. Kilo moja ya spirulina kavu huchukua kaboni isiyofika nusu kilo, wakati baikaboneti ya tangi hilo ina kilo 2.4 za kaboni. Naitrojeni inayohitajika ni gramu 100 hivi, na naitreti iliyowekwa ina zaidi ya gramu 400. Kwa hiyo anayemwaga maji baada ya kilo ya kwanza anamwaga chini zaidi ya robo tatu ya alichonunua. Wazalishaji makini huchuja mwani kwa kitambaa chenye matundu madogo, hurudisha maji kwenye tangi na kuongeza kile tu kilichopungua. Naitreti inaweza kujaziwa kwa urea, ambayo gramu 220 zake zinatosha kilo moja ya mwani. Lakini urea hutiwa kidogo kidogo kila siku, kwani ikizidi hutoa amonia inayoua tangi zima.

Kipimo cha pH nacho ni cha kuangaliwa. Mwani unapokula, maji huzidi ukali kutoka 9 hivi na kupita 10. Yakikaribia 11, ukuaji hudorora, na lazima kaboni iongezwe.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie magadi ghafi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, badala ya baikaboneti ya bei kubwa. Wazo si baya, kwa sababu magadi yana kaboni ileile. Tatizo ni kwamba magadi ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi, na bidhaa hii inaliwa. Vivyo hivyo mbolea za fosfeti za shambani huweza kuwa na kadmiamu. Anayetaka kupunguza gharama kwa njia hiyo apime kwanza.

Kuchota mbegu ziwani nako si ujanja. Watafiti waliochunguza vifo vya heroe katika maziwa ya Bogoria na Nakuru waliripoti kukuta sumu za bakteria wengine wa kijani-buluu. Mbegu inunuliwe mahali inapotunzwa ikiwa safi, na mnunuzi aombe kuitazama kwa hadubini kabla ya kulipa. Hilo si jambo la kuonea haya.

Mavuno ya mabwawa ya wazi kwa kawaida ni gramu 5 hadi 10 kavu kwa mita moja ya mraba kwa siku. Tangi la lita 1,000 lenye kina cha sentimita 20 lina mita 5 za mraba, yaani gramu 25 hadi 50 kwa siku. Kilo moja hupatikana baada ya siku 20 hadi 40. Mwekezaji akiletewa karatasi inayoahidi kilo kila siku kutoka tangi kama hilo, airudishe ilikotoka.

Mwani uliokamuliwa bado ni maji kwa zaidi ya asilimia 75, na huanza kuoza baada ya saa chache. Kwa hiyo kikaushio kinunuliwe kabla ya tangi la pili. Kwa wanaolenga soko la Tanzania, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na sampuli ya kupeleka kupimwa itoke kwenye mfuko unaokwenda kuuzwa, si kwenye chupa ya maabara.