Gia Ikikataa Kuingia, Kagua Klachi Kabla ya Kufungua Injini

Bodaboda imesimama kwenye makutano, abiria yuko nyuma na lori linakaribia. Mhudumu anakanyaga gia ya kwanza, haiingii. Anakanyaga tena kwa nguvu na pikipiki inaruka mbele ghafla. Wahudumu wengi wakifikia hapo huamini kwamba giaboksi imekufa.

Kufungua injini ni kazi ya gharama, na pikipiki ikilala kwa fundi, mapato ya siku nayo hulala. Lakini chanzo mara nyingi huwa nje ya injini, na mhudumu anaweza kukitambua mwenyewe kwa dakika chache.

Jaribio la kwanza

Zima injini, toa ufunguo, kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati ili tairi la nyuma liwe juu. Zungusha tairi hilo polepole kwa mkono, ukiweka vidole mbali na cheni, huku ukibadilisha gia moja baada ya nyingine. Ikiwa gia zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zinakataa ikiwaka, yaelekea klachi haiachii kabisa. Dalili nyingine ni nyutro kupatikana kwa shida pikipiki ikiwa imesimama na injini ina joto.

Waya wa klachi

Vuta mkono wa klachi taratibu. Kwa pikipiki nyingi, ncha ya mkono huo hucheza kati ya milimita 10 na 20 kabla ya waya kuanza kuvuta. Ikicheza zaidi, klachi haiachii vyema na gia hugoma. Rekebisha kwa nati iliyo karibu na mkono huo au ile ya upande wa injini. Usikaze hadi mkono usicheze kabisa, kwa sababu klachi itateleza na pleti zake zitaungua. Waya ulioanza kukatika nyuzi ubadilishwe kabla haujakatika barabarani.

Oili

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Ikipungua au ikichakaa, gia huwa nzito. Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, na utumie aina iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki. Alama ya JASO MA kwenye mkebe huonyesha kuwa oili hiyo inafaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi hiyo kuteleza. Oili chafu isimwagwe chini wala mtaroni.

Pedali na cheni

Pikipiki iliyoanguka huenda pedali yake ya gia imepinda na kugusa injini, au bolti yake imelegea. Kagua pia cheni. Cheni iliyolegea huleta mshtuko na kelele wakati wa kubadilisha gia, na wengi hudhani ni giaboksi.

Wakati wa kumwona fundi

Ikiwa gia inatoka yenyewe safarini, inasaga, inagoma hata injini ikiwa imezimwa ilhali pedali ni nzima, au vipande vya chuma vinaonekana kwenye oili, tatizo liko ndani. Pikipiki hiyo isibebe abiria hadi itengenezwe. Mhudumu amwombe fundi amwonyeshe kifaa kilichoharibika kabla ya kulipia kipya.

Kuzuia ni nafuu

Kuendesha huku klachi imevutwa nusu, kukanyaga gia kwa kishindo na kubeba mzigo kupita kiasi huchosha klachi na gia mapema. Sheria ya Trafiki inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu, na kuizingatia kunalinda maisha pamoja na mashine yenyewe.

Wakazi wanaotumia bodaboda nao wana sehemu yao. Abiria akiona mhudumu anapigana na gia kila kituo, ni heri ateremke mahali salama na kutafuta pikipiki nyingine. Nauli ya pili ni ndogo kuliko bili ya hospitali.